Mninga, mkongo na misitu yetu ya asili: maswali mnayoniuliza kila siku

Ugonile, kamwene, habari zenu wote. Mimi ni fundi seremala hapa Mbeya na kabla ya kuwa na karakana yangu nilikaa miaka kadhaa Chunya nikizunguka na wanunuzi wa mbao, mjomba wangu nae alikuwa kwenye kamati ya maliasili ya kijiji chao kwahiyo hili jambo nimeliona upande wa msituni na upande wa mezani. Kila wiki kuna mtu anauliza maswali yale yale, kwa simu, dukani, msibani mpaka kwenye daladala ya Uyole, nikaona niyaandike yote sehemu moja.

Mbao ngumu ni ipi hasa? Maana mlingoti (mkaratusi) nao ni mgumu balaa

Wataalamu wanagawa kwa aina ya mti, sio kwa ugumu wa mbao. Mti wenye majani mapana unaotoa maua (mninga, mkongo, mvule, mpingo, na huo mlingoti wako pia) mbao yake wanaiita ngumu, na miti ya jamii ya paini na mtarakwa wanaita laini. Kwahiyo kitaalamu mlingoti wa Njombe ni mbao ngumu. Ila fundi akisema mbao ngumu anamaanisha zile za porini, za asili, na humu ndani nitatumia maana hiyo ya mafundi. Mpingo ndo baba lao, kipande kikavu ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama kama jiwe. Mninga sio mzito hivyo, sifa yake ni kutulia, ukishakauka vizuri haupindi wala haupasuki ovyo, ndo maana kila mtu anataka mlango wa mninga.

Kukata miti ya asili si ndo kuharibu msitu? Kwanini usiache kabisa kutumia mninga?

Hili ndo swali kubwa na naomba mnivumilie nijibu kwa urefu.

Nikiwa Chunya niliona msitu ukiisha na sio kwa sababu ya mbao. Watu walikuwa wanasafisha mashamba ya tumbaku na mahindi, wanakata kila kitu wanachoma moto, mninga wa miaka themanini unaungua pale pale shambani maana mwenye shamba hana kibali cha kuupasua na hana muda wa kuhangaika nacho, yeye anachotaka ni ardhi. Alafu ile tumbaku ikivunwa inakaushwa kwa kuni, na kuni ni miyombo. Machimbo ya dhahabu nayo yanakula miti, mashimo yote yale yanashikiliwa na matimba. Na mkaa wa kuleta mjini. Mchukuaji wa mbao anakuja kuchagua mti mmoja hapa, mwingine kule mbali, akiondoka msitu bado ni msitu, umechujwa ila upo. Mkulima akimaliza hapo ni shamba.

Sasa jiulize kwanini kijiji kinaruhusu shamba jipya lifunguliwe msituni. Jibu ni kwamba msitu uliosimama hauwapi kitu. Mjomba alikuwa anasema kwenye mikutano yao wakulima wanaongea kwa sauti kwa sababu wana magunia ya kuonyesha, wao wa kamati wana nini cha kuonyesha, vivuli? Siku kijiji kinapouza miti kihalali hela ikaingia ikajenga choo cha shule au nyumba ya mganga wa zahanati, ndo siku ambayo watu wenyewe wanaanza kumfukuza mvamizi. Sijaona doria ya serikali inayoweza kufanya kazi hiyo.

Kwahiyo mimi sikwambii uache mninga. Nakwambia nunua mninga ambao kisiki chake kinajulikana kilipo. Kila mbao ina kisiki chake mahali fulani, na kama muuzaji hawezi kukwambia ni kijiji gani basi kuna watu wameibiwa.

Kwani misitu ya asili ni ya nani, si ya serikali?

Sio yote. Kuna misitu ya hifadhi ya serikali kuu inayosimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu, walianza kazi 2011), kuna ya halmashauri, kuna ya watu binafsi, na kuna ya vijiji. Tathmini ya misitu ya nchi nzima iliyofanyika kati ya 2009 na 2014 ilikuta tuna hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya nchi kavu, na karibu nusu ya misitu hiyo iko kwenye ardhi za vijiji. Kwahiyo mwanakijiji wa Kipembawe kule Chunya au Mfyome kule Iringa ana sauti kubwa kuliko anavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ndo zinampa hiyo sauti.

Tathmini hiyo hiyo ilionyesha kwamba kuni na mbao tunazotumia zinazidi kile ambacho misitu inaweza kutoa kwa mita za ujazo milioni 19.5 kila mwaka. Hiyo ni deni, tunakula mtaji.

Kijiji chetu kina msitu mzuri tu, tunaanzia wapi ili tuvune kihalali?

Ndugu yangu usianzie kwa mnunuzi. Wengi wanakosea hapo, mtu anakuja na gari zuri na bia mbili tatu kwa mwenyekiti, kufumba na kufumbua magogo yameondoka.

Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji, mkubaliane kwamba eneo fulani ni msitu wa hifadhi wa kijiji, na kijiji kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi ili isije ikawa mmoja anaona msitu mwingine anaona shamba lake la kurithi. Mnachagua kamati ya maliasili, na msichague wazee watupu, wekeni na wakina mama maana wao ndo wanaingia msituni kila siku kwa kuni na uyoga, wanajua nani kakata nini. Mnapima mipaka pamoja na majirani zenu (hapa ndo ugomvi unapotokea, jipeni muda), mnafanya tathmini ya miti iliyopo, mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, halmashauri inapitisha. Baada ya hapo ndo mnaongea habari za kuuza.

Inachukua muda na inahitaji hela ya wataalamu, sitawadanganya. Afisa misitu wa wilaya ndo mlango wa kwanza wa kugonga. Kuna pia MJUMITA, mtandao wa vijiji vyenye misitu, wanaofahamu njia hii. Na kitu kingine, kanuni zilizotoka 2019 zilibadilisha taratibu za uvunaji na uuzaji, kwahiyo kijiji jirani kikikwambia "sisi 2012 tulifanya hivi" usikopi kama ilivyo, muulize afisa wenu sasa hivi inakuwaje.

Wanajuaje wakate miti mingapi kwa mwaka?

Wanahesabu. Haihesabiwi miti yote, wanachagua viwanja vya sampuli ndani ya msitu, wanapima kila mti unene wake kwenye usawa wa kifua (mita 1.3 kutoka chini, ndo kipimo cha nchi nyingi) na wanaandika aina yake. Kila aina ina unene wa chini unaoruhusiwa kuvunwa, chini ya hapo ni marufuku hata kama umenyooka kama mshumaa.

Nikupe mfano wa kutunga ili uelewe. Kijiji kina hekta 2000, sampuli zinaonyesha wastani wa mininga miwili iliyofikia unene kwa kila hekta, jumla 4000. Robo mnaiacha isimame kabisa iwe miti mama ya kutoa mbegu, inabaki 3000. Mkiamua mtarudi eneo lile lile baada ya miaka 25, basi 3000 mnagawa kwa 25, mnapata miti 120 kwa mwaka. Basi. Akija tajiri anataka 600 mwaka huu analipa taslimu, jibu ni hapana, maana hiyo ni mgao wa miaka mitano na watoto wenu watakuta visiki.

Hesabu ni nyepesi, kumkatalia tajiri ndo kazi.

Ni kweli mninga unachukua miaka mia kukua?

Karibia hapo. Miti ya miombo (ile misitu yetu mikavu yenye miyombo mingi) inanenepa milimita chache tu kwa mwaka kwahiyo mpaka ufikie unene wa kupasua mbao nzuri ni miaka 80, 90, inategemea udongo na mvua. Mpingo nao zaidi ya miaka 70. Alafu mninga una tabia ya ajabu, mche wake unachipua mvua zikinyesha, kiangazi unakufa juu unabaki mzizi, mwaka unaofuata tena, unaweza kufanya hivyo miaka mingi huku mzizi unanenepa chini kwa chini, mpaka siku mzizi una nguvu ya kurusha shina moja linaloweza kuuzidi moto. Kwahiyo ukiona vijiti vya mninga vya kufika gotini usidhani ni vichanga, vingine vimezaliwa kabla mwanao hajaanza darasa la kwanza.

Basi si tupande mininga kama tunavyopanda paini?

Nimejaribu. Tunda lake lile la duara lenye miba katikati na bawa pembeni kama yai la kukaanga, kutoa mbegu tu ni kazi ya kuumiza vidole, zikiota ni chache, zikiota nazo ile tabia ya kufa juu kila kiangazi inakukatisha tamaa, jirani anakuuliza shamba lako mbona ni majani tu. Mvule una mdudu anaevimbisha majani ya miche, mkangazi una mdudu anaetoboa kile kichomozo cha juu mti unakuwa na matawi kama ufagio.

Kwa miti yetu ya asili, kuliko kupanda ni bora kulinda ile inayojiotea. Miyombo na mitondoro ikikatwa chini vizuri inachipua yenyewe kwenye kisiki, unapunguza machipukizi unaacha mawili matatu yenye afya. Mpingo unachipua mpaka kwenye mizizi. Msitu wa miombo unajua kujirudisha wenyewe, shida ni kwamba hatuuachi upumzike.

Mtiki ni hadithi nyingine, huo unapandwa na unalipa, ila unataka joto la bondeni kama Kilombero. Huku kwetu juu kwenye baridi ya Mbeya na Mufindi utaukondesha bure.

Moto je? Kila mwaka kuanzia Agosti milima yote inawaka

Moto wa Septemba na Oktoba ndo muuaji, nyasi zimekauka kabisa, upepo upo, unaingia hadi kwenye gome la mti mkubwa na miche yote inakwenda. Ila kuzuia moto kabisa kwenye miombo nako hakusaidii, nyasi zinajilimbikiza alafu mwaka wa tatu unakuja moto wa kutisha. Wanachofanya vijiji vinavyojua ni kuchoma mapema, mwezi wa tano mwishoni hadi wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu na asubuhi kuna umande, moto unatembea taratibu unaacha mabaka mabaka, na ule wa Septemba ukija unakosa chakula. Inatakiwa ifanywe na kamati kwa mpango na kwa kibali, sio kila mtu anatoka na kiberiti chake eti anachoma mapema. Warina asali na wawindaji wa panya nao wakae kwenye kikao hicho.

Na misitu ya Rungwe, Livingstone, Udzungwa? Kule kuna miti minene sana, inaweza kuvunwa kwa mpango kama huo?

Hapana, na naomba watu waache kuichanganya. Miombo ni msitu mkavu unaozoea moto na kukatwa, unachipua. Misitu ya milimani ni ya ukungu na mvua, ndo matenki ya maji ya mito yetu, na mti ukiondoka pale juu shimo linalobaki linajaa miiba na matete kwa miaka. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009. Ndani yake kuna kipunji, kima ambae wanasayansi wamemjua juzi tu, 2003, wawindaji wa Kinyakyusa wao walikuwa wanamjua siku zote. Anaishi Rungwe na Livingstone upande wa Kitulo na kidogo kule Ndundulu kwenye Udzungwa, duniani kote hakuna pengine. Kwahiyo ukiletewa mbao ya mpodo au mkulo mbichi kutoka huko juu, jua imepasuliwa usiku kwenye shimo na mtu anaejificha. Mimi sinunui na nakuomba usinunue.

Nitajuaje mbao ninayonunua ni halali?

Mti uliovunwa kihalali una nyayo zake. Porini kisiki kinagongwa nyundo ya alama, gogo nalo linagongwa. Mvunaji ana leseni. Mbao zikitoka pale kwenda mjini zinasafiri na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, wote tunaiita TP, inaandikwa aina ya mti, kiasi, imetoka wapi inaenda wapi, namba ya gari na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye mageti ya maliasili inagongwa muhuri. Dukani omba kuona TP au kopi yake na risiti. Muuzaji mkweli hakasiriki, kwanza anafurahi kwamba kuna mteja anaejua.

Sasa ujanja wa mjini uko hapa, hati inakuwa ya kweli ila mzigo ni mkubwa kuliko hati. Jifunze hesabu ndogo hii, mbao ya 1x8 (inchi) ya futi 12 zinaingia kama 53 kwenye mita moja ya ujazo. Ya 2x4 futi 12 pia ni 53. Ya 2x6 futi 12 ni 35. Sasa mtu ana TP ya mita 5 za ujazo na kwenye gari kuna vipande 600 vya 1x8, gawa 600 kwa 53 unapata zaidi ya mita 11. Zaidi ya nusu ya mzigo huo haukulipiwa mahali popote, kijiji hakijaona hata shilingi. Au hati moja inasafiri mara tatu kabla haijaisha muda. Angalia tarehe na mihuri.

Na angalia jina la mti, hati imeandikwa mtondoro na wewe unauziwa mninga, hapo kuna mtu kakwepa kitu.

Wewe hujawahi kununua za magendo?

Nimenunua. Miaka ile nikiwa naanza, jamaa akaniletea habari ya mninga safi bei karibu nusu ya bei ya sokoni, nikamuuliza karatasi akasema zinakuja na gari la nyuma. Nikalipa robo tatu. Gari likakamatwa getini, mzigo ukataifishwa, jamaa simu ikazimwa mpaka leo, mimi nilikuwa nimeshapokea advansi ya mteja wa milango sita. Nilimaliza ile kazi kwa kuuza pikipiki. Kilichoniuma zaidi ni baadae kabisa, mjomba aliponiambia kijiji ambacho ule mninga ulitoka walikuwa wametenga eneo lile kwa ajili ya kuvuna wajenge zahanati. Sikuwa na la kusema, tulikula ugali kimya kimya.

Kwanini mnasema chenso inaharibu? Mbona kazi inakwenda haraka

Inaharibu mbao, sio mti tu. Mnyororo wa chenso unakata njia ya karibu milimita 9. Ukipasua mbao za inchi moja (milimita 25) maana yake katika kila milimita 34 za gogo, 9 zimekuwa unga chini. Zaidi ya robo ya mti wa miaka tisini ni unga, bado hujatoa magamba na kichwa na vipande vilivyopinda kwa sababu mkono ulichoka. Mashine ya msumeno wa mkanda njia yake ni milimita 2 au 3 tu, unapoteza kama sehemu moja ya kumi. Hata ule msumeno wa mkono wa wazee wetu, mmoja juu mmoja shimoni, ulikuwa unakata njia nyembamba kuliko chenso, ulikuwa unaua mgongo tu.

Chenso itumike kuangusha na kukata magogo, kupasua ifanywe na mkanda. Na zile mashine za dingidongi za Mafinga za kupasulia paini nazo zinakula sana, ila paini utaivuna tena baada ya miaka ishirini na kitu, mninga utavunwa na kitukuu. Na kata chini, kisiki kisibaki juu ya goti, ule mguu wa mti ndo wenye mbao nzuri kuliko zote na watu wanauacha kwa uvivu wa kuinama.

Kuna mbadala wa mninga wenye bei nafuu?

Upo na watu hawautaki kwa mazoea tu. Mtondoro ni mgumu, mzuri kwa sakafu na fremu, unajaa kwenye miombo kuliko mninga, shida unapinda ukikaushwa kwa haraka na unafanya misumeno iwe butu. Mlingoti uliokomaa vizuri na kukaushwa unatoa fremu za milango za kudumu. Kijiji kikiweza kuuza aina sita saba za miti badala ya kukimbizana na mninga pekee, kinapata hela zaidi na mninga unapumua. Nikimwambia mteja hivi anacheka, anasema "fundi, mke wangu kasema mninga". Sawa, mninga basi, ila fremu tufanye ya mlingoti, na wengi wanakubali.

Kuweni macho na mbao zilizopakwa rangi ya kahawia zikaitwa mninga. Kwangua kidogo kwa kisu, rangi ikiisha chini ya milimita moja umepigwa.

Si tutumie paini tu, shamba la miti la Sao Hill lipo

Kwa kenchi, dari, papi, mbao za kumwagia zege, ndio kabisa, paini itumike na ndo inayookoa misitu ya asili, bila Sao Hill na wakulima wa miti wa Mufindi na Njombe tungeshamaliza miombo kitambo. Ila watu wanakata paini ya miaka nane, kumi, kwa sababu ya ada za shule, mbao zake ni nyepesi zinapinda kama ndizi. Alafu mlango wa nje wa paini isiyowekwa dawa mchwa wanausubiri.

Kuuza nje, Wachina na hao wengine, inaruhusiwa?

Magogo mabichi hayaruhusiwi kutoka nje ya nchi, ila mbao zilizochakatwa zinaweza kutoka kwa vibali. Juu ya hapo kuna mkataba wa kimataifa wa CITES. Mpingo na ndugu zake karibu wote waliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba huo mwaka 2017, mkurungu (ndugu wa mninga) ukafuata 2019, na mkutano wa 2022 ukaongeza mininga mingine ya Afrika, mikongo na mikangazi. Orodha ya pili haimaanishi marufuku, maana yake ni lazima nchi ithibitishe kwamba uvunaji hauumizi mti huo ndo itoe kibali. Kwahiyo mtu akikwambia "tuna soko la mkurungu nje, we leta tu", muulize kibali cha CITES anacho, akianza kukohoa ondoka.

Kuna kijiji chochote kilichofanikiwa kweli au ni maneno ya semina?

Kipo, na sio Ulaya. Vijiji vya Kikole na Kisangi kule Kilwa mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri) kupitia shirika la MCDI, ikawa mara ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Wanavuna mpingo na miti mingine kwa mgao, wanapima, wanagonga, wanauza, hela inaingia kijijini. Cheti kina gharama na wakaguzi wanarudi rudi, kijiji kimoja peke yake hakiwezi kubeba, wao walijiunga kikundi. Nilichopenda mimi sio cheti, ni kwamba ukishika mbao yao unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kisiki.

Kule kusini palishawahi kuchakachuliwa vibaya mno, daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003 magogo yalikuwa yanamiminika kama maji. Barabara mpya siku zote inafika na chenso. Wa Chunya mna lami sasa, nadhani mnanielewa.

Nimenunua mninga halali, mlango ukapinda. Kosa la mti?

Kosa la haraka. Mbao ngumu ikikaushwa kwa hewa tu hesabu karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Panga juu ya matofali isiguse ardhi, weka vipapi kati ya mbao na mbao vilingane kwa mstari kutoka chini hadi juu, paka rangi au nta kwenye vichwa ili visipasuke, funika juu acha pembeni hewa ipite, usianike juani. Na ule upande mweupe wa nje karibu na gome utoe wote, wadudu wa unga wanaupenda, utasikia mlango unatoa vumbi jeupe ukadhani umelogwa.

Mafundi wenzangu, vumbi la mninga linawasha na linaleta pumu, vaeni barakoa. Mimi nilijiona mwamba nikakohoa msimu mzima.

Una mninga sasa hivi?

Sina. Kuna kijiji nilishaongea nao, mgao wao wa mwaka huu bado haujaanza kukatwa maana barabara ni tope na gari halifiki mpaka mvua ziishe. Ikikatwa leo itakaa kwangu mwaka mzima kwenye vipapi ndo niiguse. Mama mmoja wa mtaa wa Forest hapa Mbeya aliagiza meza ya watu wanane nikamwambia hivyo hivyo, akaniambia fundi nitasubiri, ila nataka unionyeshe picha ya kisiki.